Kabari Chini ya Magurudumu

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, familia imenikabidhi mimi, dada anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, mliyemjua kwa jina la Baba Kabari, na naomba mnivumilie, maana kaka alikuwa mtu wa hofu, na hofu ile ameniachia mimi.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi viatu, kando ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, na wala hakuzaliwa mwoga, alikuwa mtoto wa kupanda mapaa na kuruka kuta, mpaka mama akawa anaishi roho mkononi. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli Januari 1969, akaendelea na sekondari ya ufundi hadi Novemba 1979, ambako alifaulu useremala na karibu kila kitu kingine kikamshinda, na baada ya vibarua vya hapa na pale, tarehe 6 Februari 1984 aliajiriwa katika ghala la chuma bandarini, kama fundi wa kufunga mizigo.

Kwa wasioijua kazi hiyo, ghala lile hupokea koili, yaani bati refu la chuma lililoviringishwa kama mkeka, koili moja ikiwa nzito kuliko basi lililojaa abiria, na kaka kazi yake ilikuwa kuivisha karatasi ya kuzuia kutu, kuifunika plastiki, kuikaza kwa mikanda, kukinga kingo zake zisigongwe na forklifti, kisha kugongea kabari za mti mgumu chini yake ili isibingirike. Alikuwa akituambia kwamba chuma kile kinavyoonekana kigumu hivyo, tone moja la maji likipenya ndani ya plastiki linakiharibu kabisa, nasi tukimjibu kwamba basi amelea mtoto wa kifalme.

Tarehe 19 Agosti 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa mapazia, msimamizi wake akiwa mwenzake wa ghalani aliyeitwa Kicheko, mtu ambaye hata mchungaji alishindwa kujizuia kucheka mbele yake, na wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa Juni 1996.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini wifi amesema pasomwe. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 1997 meli ilikuwa imeshusha koili kutoka nchi za baridi, nje kukiwa na joto la mvua, na mafundi walipoona matone juu ya plastiki walidhani ghala limekosa hewa, wakafungua milango mikubwa ili zikauke, kumbe ile hewa ya joto na unyevu ikigusa chuma baridi ndiyo inayokitoa jasho, kwa hiyo kadiri walivyofungua ndivyo maji yalivyozidi. Upepo ukawa unaurudisha mlango, Kicheko akachomoa kabari moja chini ya koili ya mwisho ili auzuie, kaka akamwona, akamwambia airudishe upesi, naye akajibu kwamba koili haina miguu, wakacheka wote wawili, kaka akageuka kuvuta turubai. Alisikia mbao ikilia nyuma yake. Kicheko tulimzika siku mbili baadaye.

Tangu siku hiyo kaka hakuwa tena yule wa kuruka kuta, aliweka kabari chini ya jokofu, chini ya kabati, chini ya kitanda cha mtoto, na hata tikiti maji likiwekwa mezani alilibana kwa vijiko, nasi tulimcheka mbele na nyuma, Mungu atusamehe, kwa sababu hatukuwa tumeisikia ile mbao ikilia. Ndipo mwaka 2018 kitindamimba akaja na habari kwamba amepata kazi, ghala lilelile, ufundi uleule, na kaka hakumsemesha wiki nzima, kisha akaingia uani akachonga kabari mpya, akamkabidhi. Alistaafu Mei 2021, na kila jioni aliketi ngazini mpaka asikie kandambili za binti yake kwenye kona, na zikichelewa kidogo tu, hakugusa chakula.

Kaka alianza kusumbuliwa na moyo mwanzoni mwa mwaka huu, 2024, akalazwa tarehe 2 Oktoba, wiki ileile meli ya koili baridi ilipofunga gati, na huko wodini alituuliza bila kuchoka kama milango ya ghala imefungwa, kama mtoto amefika nyumbani, akakataa kulala kwa kuwa kitanda kina magurudumu, muuguzi alipomwonyesha breki akamwambia kwamba breki nayo ni chuma, mwanangu, inashika kutu. Jioni ya tarehe 8 binti yake alitoka kazini moja kwa moja, akiwa na ovaroli yake, akapiga magoti, akagongea kabari chini ya magurudumu yote, akamwambia, baba, nimezuia, lala. Kaka akalala, usingizi ambao wifi anasema hakuuona kwake tangu mwaka ule, na alfajiri ya tarehe 9 hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliozunguka kabari zile bila kuziondoa, majirani waliotupikia na kulala nasi, na mafundi wa ghalani mliofunga milango leo ili mje wote. Jumatatu binti yetu anarudi kati ya zile koili, na mimi nawaambia wazi kwamba naogopa, na jioni nitakuwa pale ngazini nikisikiliza kandambili.

Mnaobeba jeneza, mmeona kwamba kitoroli kimewekewa kabari, msiziguse, mwacheni binti yake azichomoe kwa mkono wake, mkiwa mmeshika sawasawa.

Pumzika kwa amani, kaka. Mtoto amezuia.