Fimbo ya Baba Haikuwa Hati ya Nyumba

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana wa nyuma mmeitikia kama mmeamshwa sasa hivi!

Ndugu zangu, mimi shule niliishia darasa la sita, la saba nililiona dirishani. Lakini leo nashuhudia aliponitoa Mungu.

Baba alitujengea nyumba pale Chang'ombe. Ee, nyumba ile! Mama akikaanga karanga uani, majirani wote ghafla wanakumbuka kutusalimia. Mvua ya kwanza ikigonga bati, baba anacheka peke yake, sisi tunakimbilia nje na ndoo. Mlio ule nausikia mpaka leo.

Mama akatangulia, baba akafuata. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo wakanikabidhi fimbo ya baba, mimi kifungua mimba. Ndugu zangu, nikadhani na nyumba imo! Nikatafuta mnunuzi. Dada yangu Esta, mjane, anaishi humo na wanawe, wala sikumwambia. Nikaenda na mnunuzi wangu kwa mwanasheria, mama mmoja, mkono huu hati yenye jina la baba, mkono huu fimbo.

Yule mwanasheria akaniuliza, "Msimamizi wa mirathi ni nani?"

"Mimi. Fimbo hii hapa."

"Imegongwa muhuri wa mahakama?"

Mnunuzi alicheka mpaka akatoka nje. Mimi jasho! Mwanasheria akanieleza: bila cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mahakama ya kuniteua, nikisaini nauza kisicho changu. Nitafungwa mimi, na Esta atahangaika na watoto.

Nililia njia nzima, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamkuta Esta uani anapepeta karanga, palepale pa mama. Nikapiga magoti, nikaungama yote.

"Kaka, ulitaka niamke nimkute mgeni anachemsha chai jikoni kwetu?"

Akacheka huku analia. Akanisamehe! Haleluya!

Kikao kikakaa, Esta akasaini wa kwanza, mahakama ikaniteua, hati ikabadilishwa jina. Ndipo tukauza, wote tumekubaliana, na kwa fungu lake Esta ana kwake Buigiri. Siku ya kukabidhi funguo tulipita chumba hadi chumba, tukaomba, tukafunga mlango wenyewe. Hatukufukuzwa, ndugu zangu. Tuliaga.

Namshukuru Yesu aliyenizuia kalamu ikiwa mkononi! Na wewe unayemficha ndugu yako jambo, mwamini huyu Yesu leo. Ukitoka hapa, nenda kamwambie.