Mama Apollinarie Habonimana, Mshona Kuse wa Rugenge (1961–2024)

Baba Padri, wazee wetu, madaktari na wauguzi mlioacha mapumziko ya Jumamosi kuja kukaa nasi, majirani wa Rugenge, jamaa mliotoka Lubarika na Bwegera, na ninyi mliokaa juani kwa sababu hema halikutosha, familia imenipa mimi, Niyonzima, kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu, na najua wengine mnajiuliza kwa nini nisome mimi wakati watoto wake wapo na wamesoma kunizidi. Marehemu alikuwa mke wa mkubwa wangu, kaka yangu Eugène, yaani mulamu wangu, tulitaniana tangu siku ya harusi yake, na mwezi uliopita aliniagiza mwenyewe nisome mimi, na nisimlize mtu kabla ya ukurasa wa mwisho. Nitajitahidi.

Mama Apollinarie Habonimana alizaliwa Lubarika, katika tambarare ya Ruzizi, tarehe 14 Agosti 1961, mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Ndayiragije na mama Agnès, wakulima wa pamba na muhogo, wote wawili wamekwisha tangulia. Alipenda kusema kwamba alizaliwa katikati ya pamba, na ndiyo maana alitumia maisha yake yote kuishindilia ndani ya vitambaa ili isimfuate tena.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lubarika kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa shuleni, mwalimu akawa anamwita Habonimana tu, naye kwa ukaidi ambao sisi wote tuliokaa naye tunaujua, alidarizi jina la Apollinarie ndani ya ukosi wa sare yake, upande usioonekana, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya sindano. Kisha alipelekwa Uvira kwa masista, akajifunza kukata na kushona kuanzia Septemba 1974 hadi Julai 1978, akapata breve yake, yaani cheti cha ushonaji, na masista wakamzawadia mashine ya mkono ambayo mnaiona pale kando ya jeneza, imefunikwa kitambaa cheupe.

Alianza kazi mwaka 1979 kwenye baraza la nyumba ya kupanga, akashona nguo za shule, mapazia na nguo za misa, lakini jina lake lilitoka kwenye kuse, kwa maana nusu ya watu wa mji huu wamelaza vichwa vyao juu ya kazi ya mikono yake, na nusu nyingine bado wanaahidi kuja kulipia. Kwa maharusi alidarizi majina ya bwana na bibi, na siku moja bwana mmoja aliyegombana na mkewe alimrudishia kuse ile ili afumue jina la mwanamke, marehemu akamwambia uzi wake haufumuki, aende nyumbani wapatane kwanza, nao wakapatana, wapo hapa leo, sitawataja. Miaka ya vita alikimbia kama sisi wote, kila mara mashine ikiwa kichwani, na kila mara alirudi nayo.

Alifunga ndoa takatifu na Eugène hapa Uvira, siku ya Jumamosi tarehe 16 Julai 1983, na Mungu akawajalia watoto wanne, Marie-Rose mwaka 1984, Vainqueur mwaka 1987, Noella mwaka 1991 na Arakaza mwaka 1994, pamoja na wajukuu tisa, wa mwisho wao ni Délice, ambaye kila mtu anasema amechukua uso wa bibi yake, na mimi naongeza, amechukua na mdomo.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa mulamu aliniambia nisikimbie. Mwishoni mwa mwaka 2014 alianza kukohoa, miguu ikavimba, na kila alipojinyoosha kitandani pumzi ilikatika kama mtu aliyetumbukia majini, kwa hiyo akahamia kwenye kiti, akalala ameketi, mgongo ukutani, na Eugène akatandika godoro chini karibu na miguu yake ili asiwe peke yake. Tulimpa dawa za kikohozi, wengine wakasema ni baridi ya ziwa, wengine wakasema amelogwa na mshonaji mwenzake, naye akakonda, akashona akiwa anahema, na jambo moja tu ndilo alilolilia mbele ya watu, kwamba hawezi tena kulala chali kama watu wengine, kando ya bwana wake.

Mwezi wa Agosti 2015 ikaja hapa Rugenge timu ya wataalamu wa moyo, na kati yao alikuwa Dokta Célestine, ambaye yuko hapa mbele, wakati ule akiwa ametoka tu masomoni Dar es Salaam, mzaliwa wa Kinshasa, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota huko huko pwani, kizuri, kimenyooka, lakini si cha kwetu. Wagonjwa wakapanga mstari, na kila mmoja akaulizwa swali moja ambalo wataalamu wa moyo huliuliza dunia nzima, kwa sababu mtu mwenye moyo uliochoka huhitaji kuinua kichwa juu ili apate pumzi, "Mama, unalala na mito mingapi?" Marehemu akafikiri kidogo, akaona ni swali la ajabu lakini la heshima, akajibu, "Mbili, dokta," maana huku kwetu tunalala kati ya mto wa Mulongwe na mto wa Kavimvira, na hakuna mtu wa Rugenge asiyejua hivyo. Dokta akaridhika kwamba hali si mbaya sana, akampa vidonge vichache na kumruhusu aende nyumbani.

Ndugu zangu, jioni ile wataalamu walipokaa kulinganisha majibu, walikuta Rugenge nzima inalala na mito miwili, wazee kwa watoto, hata mtoto wa kunyonya, wakashangaa utajiri huu, mpaka walipofika kwenye jibu la mzee mmoja mkulima wa mpunga wa Bwegera, ambaye alisema kwa masikitiko, "Mito hatuna, sisi tuko na mifereji tu." Dokta Célestine anasema hapo ndipo alipoweka kalamu chini.

Asubuhi alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akamkuta marehemu amesinzia kwenye kiti katikati ya rundo la kazi yake, akashika moja akauliza, "Mama, hiki kitu mnakiitaje?" akajibiwa, "Kuse." Kumbe kule pwani kuse huitwa mto, na mwanamke aliyeshona kuse za nusu ya Uvira alikuwa ameulizwa habari za kuse akajibu habari za maji. Dokta alijiangusha juu ya rundo lile akacheka mpaka machozi, marehemu naye akacheka mpaka akakosa pumzi, na mimi niliyekuwa mlangoni nikaogopa tutampoteza siku hiyo hiyo kwa kicheko. Kisha dokta akauliza upya, "Unalala na kuse ngapi?" naye akajibu, "Minye silalake, dokta. Tangu Krismasi nakaaka tu ku kiti."

Siku hiyo hiyo alilazwa hospitali, wakampima kwa ile mashine inayoonyesha moyo unavyopiga, wakamweleza kwamba moyo wake umepanuka na kuchoka, na walipoanza kumhesabia miaka ambayo dawa zinaweza kumwongezea, aliwakatiza akasema, "Minye sitake miaka mingi. Nataka nilale mu kitanda yangu, pembeni ya bwana yangu. Mukinisaidia hapo, ingine mutapanga na Mungu." Dokta Célestine ametuambia mara nyingi kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kumpa kazi iliyo wazi namna hiyo.

Ndipo kilipozaliwa kile ambacho ninyi mnakiita Kikao cha Kuse, kilichokaa kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2015 kwenye baraza la marehemu, madaktari wakiwa chini juu ya kuse na wagonjwa juu ya viti, si kwa dharau, bali kwa sababu mgonjwa wa moyo akikaa chini hainuki. Hapo wagonjwa waliwafundisha madaktari wasiulize "Moyo unakuuma?" kwa sababu kila mjane wa Uvira atajibu ndiyo, na madaktari waliwafundisha wagonjwa mengi zaidi, kuanzia na marehemu mwenyewe, aliyegundulika anagawa vidonge vyake kwa jirani yake Claudette kwa huruma, wote wawili wakawa wanavimba kwa upendo. Madaktari walisema watu waache samaki wa chumvi, akina mama wakawauliza basi wale nini, wakabishana Jumamosi mbili, wakakubaliana samaki aloweshwe na maji ya kwanza yamwagwe, na kuanzia hapo wataalamu wa Bukavu, wa Bujumbura na wa ng'ambo wakawa wanaingia kikaoni kwa simu, iliyoegemezwa kwenye mashine ya kushonea.

Mwezi wa Mei 2019 aliitwa Nairobi kwenye mkutano wa mataifa wa afya ya moyo, akaenda na kuse yake kwapani, akasimama mbele ya maprofesa akawauliza, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, "Na nyinyi, munalalaka na mito ngapi?" na baada ya hapo maprofesa kutoka kila pembe wakapanga mstari kumsimulia maswali yao wenyewe yaliyopotea njia katika lugha za kwao. Alirudi na picha, na majivuno ambayo tuliyavumilia mwaka mzima.

Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika tuliwalilia majirani wengi, na baraza lake lilikwenda na maji pamoja na dawa zote na kuse zote, isipokuwa ile ya harusi yake, Vainqueur akambeba mgongoni hadi mahali pakavu, na maneno yake ya kwanza, akiwa bado anatetemeka, yalikuwa, "Sasa Dokta Célestine aulize tena. Nitamujibu, mumoja, tena uliingia mu kitanda." Kikao kilihamia ukumbi wa parokia, na Jumamosi iliyofuata kilikaa.

Na kitanda chake alikipata. Alitoka kwenye kiti hadi kuse nne, kutoka nne hadi tatu, kutoka tatu hadi mbili, na Krismasi ya mwaka 2017 alilala na kuse moja kando ya Eugène, kesho yake akalalamika kwangu kwamba alikuwa amesahau jinsi mkubwa wangu anavyokoroma, na kwamba kama angekumbuka angebaki kwenye kiti.

Mwezi wa Julai mwaka huu moyo ulichoka tena, akarudi kwenye kiti, na niseme wazi kwamba hapo tuliogopa wote, naye aliogopa, si kufa, bali kufa ameketi. Madaktari walikaa naye, na Eugène, na watoto, wakakumbushana kazi ile aliyowapa, wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena, wakamruhusu arudi nyumbani, na jioni ya tarehe 11 Septemba alijinyoosha kitandani juu ya kuse mbili, akatulia, kisha akamwambia bwana wake, "Eugène, toa moja." Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024 hakuamka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepata usingizi.

Familia inawashukuru Dokta Célestine na wenzake, wauguzi, wataalamu wa mbali wanaotusikiliza kwa simu ile ile juu ya mashine ile ile, Baba Padri, majirani mliopika na mliobeba maji, na washonaji wenzake, pamoja na yule aliyesingiziwa uchawi, ambaye ndiye aliyeshona sanda hii bila malipo. Kikao cha Kuse kitakaa tarehe 28 Septemba kama alivyopanga, Délice atapanga viti.

Mulamu wangu, ukurasa wa mwisho ndio huu, na sasa nisiposhindwa mimi kujizuia kulia watashindwa wengine. Tumekulaza chali, kama ulivyotaka. Eugène amekuwekea kuse yenu ya harusi, ile yenye majina mawili. Huko uendako wakikuuliza, usituaibishe tena, wajibu vizuri: kuse ni moja, mito ni miwili.

Lala, Mama Marie-Rose, pumzika kwa amani.