Felisiani Wanzagi Akabidhi Geti

Ndugu Felisiani Wanzagi, Mkuu wa Ulinzi wa Kiwanda cha Samaki Mwambao hapa Musoma, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wengi tunamwita Afande, na wapo walioajiriwa juzijuzi ambao hawajui kama ana jina lingine.

Alianza kama mlinzi wa ghala letu la dagaa pale Mwigobero, akitokea Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye alipelekwa Bunda kusimamia ulinzi wa kituo cha kupokelea samaki, kisha akarudishwa Musoma akiwa mkuu. Kote huko aliacha sifa moja, kwamba hapiti mtu getini bila kukaguliwa. Mama mzazi wa mkurugenzi wetu, Ndugu Edwin, aliwahi kuja kumwona mwanawe akiwa na jogoo wa zawadi. Afande alimwamkia kwa heshima zote, akamkagua kikapu, akamvisha beji ya mgeni, na jogoo naye akapewa beji yake. Mkurugenzi alicheka sana. Mama hakucheka.

Sheria yake kubwa ilihusu malori. Zamani sangara waliwahi kuibwa njiani, na makreti yakafika kiwandani yamejazwa mawe chini, samaki wachache juu. Tangu hapo Afande aliagiza kila kreti lifunguliwe getini, samaki watolewe, kreti litazamwe hadi chini, ndipo warudishwe. Mawe hayakuonekana tena. Uongozi ulimsifu, na sheria ile ikawa kama msahafu.

Miaka sita iliyopita kampuni ilitaka kuwa na Meneja wa Ulinzi atakayesimamia matawi yote, na sharti mojawapo lilikuwa elimu ya biashara. Mkurugenzi alitaka Afande aipate nafasi hiyo, na Afande mwenyewe aliitaka kuliko alivyokuwa akikiri. Basi akapelekwa Mwanza, kwenye kozi ya biashara kwa wakuu wa ulinzi wa makampuni. Darasani alikaa na wenzake wa mabenki na migodi, wote na kompyuta zao za mapajani, yeye na kalamu. Swali la kwanza la mwalimu wao, Bi Adventina, lilikuwa: idara yako inazalisha nini? Afande aliandika neno moja, nidhamu. Akapata sifuri.

Hakukata tamaa. Kila alipokuja likizo fupi alituletea msamiati mpya, na walinzi wakaanza kumwita Profesa. Mpishi wa kantini aliarifiwa kwamba yeye ni mtoa huduma kwa wateja wa ndani, akauliza kama cheo hicho kina nyongeza ya mshahara. Mlinzi Wambura aliagizwa amsalimie kila dereva wa lori kama mdau. Alifanya hivyo kwa siku chache, madereva wakadhani anataka kuwakopa.

Wakati huohuo kiwanda kilikuwa na tatizo zito. Sangara wa Bukima, kijiji cha ziwani tunakonunua samaki, walikuwa wakifika laini, hawafai minofu ya kusafirisha nje, wanakataliwa. Kila mara wavuvi wa Bukima waliambiwa wanabana barafu. Mwenyekiti wa kikundi chao, Kasmiri, alikana hadi akachoka kukana. Mwishowe uongozi uliamua kuacha kununua samaki Bukima kuanzia mwezi uliofuata, na Afande alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Kwa Bukima lori letu la kuchukua samaki ndilo soko. Bila lori wangebaki kuwauzia walanguzi kwa bei ya kutupa, na kila mtu kiwandani alilijua hilo.

Kazi ya mwisho ya kozi ilimtaka kila mwanafunzi afuate bidhaa moja kutoka inakotoka hadi kwa mteja, aonyeshe inapopotezea thamani, na idara yake inasimama wapi hapo. Afande alichagua sangara wa Bukima. Hakuficha nia yake: alitaka kuwanasa wavuvi na barafu yao pungufu, ajipatie alama za juu na kuifunga kesi kwa safari moja.

Alipanda lori pamoja na dereva wetu, Clever. Pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, alikuta barafu imejaa na samaki wagumu. Njiani, pamoja na ubovu wa barabara, alisimamisha lori na kupima, akakuta samaki bado wagumu. Wakafika getini jua likiwa utosini. Lori la Bunda lilikuwa mbele yao, kama kila siku, makreti yake yanakaguliwa. Wakangoja. Zamu ya Bukima ilipofika, walinzi walifanya kila kitu kama walivyofundishwa, na kwa kuwa Afande alikuwa amesimama pale anawatazama, wakadhani wanafanyiwa mtihani, wakakagua kwa utaratibu zaidi kuliko kawaida. Barafu iligeuka maji, maji yakatiririka sakafuni. Kreti la mwisho lilipofungwa, sangara walikuwa laini.

 Clever anasimulia kwamba Afande aliwashukuru walinzi, akaenda kukaa chini ya kivuli cha lori.

Ripoti aliyoiandika kuhusu safari hiyo ilishika nafasi ya kwanza darasani. Ingeweza kuishia hapo. Bi Adventina alimweleza kwamba ile ni kazi ya shule na hakuna atakayeipeleka kiwandani isipokuwa mwenyewe. Na usaili wa nafasi ya Meneja wa Ulinzi ulikuwa umebakiza wiki mbili. Mtu mwenye haraka ya cheo angeweza kuibadili sheria kimyakimya, samaki wapone, na Bukima waendelee kujulikana kama wabana barafu.

Afande aliomba nafasi kwenye kikao cha uongozi. Aliieleza safari yake hatua kwa hatua. Mkurugenzi alimkatiza kwa mshangao: "Kwa hiyo Afande, unataka kusema hasara tumejitia wenyewe?"

"Hapana, Bosi. Nimeitia mimi. Wale vijana walikuwaga wanatii amri, na amri ni yangu. Watu wa Bukima tumewaonea."

Uamuzi wa kuacha kununua Bukima ulifutwa siku hiyohiyo. Ukaguzi ukabadilishwa: makreti sasa yanafungwa kwa lakiri mwaloni mbele ya mlinzi wetu, getini inakaguliwa lakiri tu, na kufungua ni ndani ya chumba cha baridi. Mawe hayajarudi na samaki hawaharibiki. Afande alipewa onyo, na nafasi ya Meneja wa Ulinzi akapewa mtu kutoka nje. Ilimuuma. Tuliokuwa tukinywa naye chai tuliona ilivyomuuma, na haitakuwa haki kuandika vinginevyo leo kwa kuwa tu tunamuaga.

Hakuna aliyemtuma Bukima baada ya hapo. Alikwenda mwenyewe siku yake ya mapumziko, akiwa na sare, akawaeleza wavuvi mwaloni kwamba kosa lilikuwa la geti lake.  Kasmiri alimwonyesha kreti tupu lililokuwa katikati ya uwanja, mahali pasipo na mti, akamwambia, "Kaa hapo kwanza, Afande, tunakuja." Kisha wote wakarudi kwenye nyavu zao.

Afande alielewa, akakaa. Jua lilipanda, sare ikalowa, na watoto wakaja kumwangalia, wakaondoka. Kazi ya nyavu ilipokwisha, dagaa wakaanikwa, na bado hakuna aliyemwita. Mwishowe mke wa Kasmiri, Mama Matrida, alimjia na kikombe cha uji na kumwambia kwa sauti ya kusikika mwalo mzima, "Inuka, baba. Usije ukalainika ukakataliwa." Mwalo mzima ulicheka, Kasmiri akiwa wa kwanza, na mgeni akapelekwa nyumbani kula.

Sasa anarudi kwao Butiama, kwenye mihogo yake na ng'ombe wake pale jirani na Mwitongo. Mrithi wake, Leonardi, anaanza mwezi ujao. Wanakikundi wa Bukima wamesema watakuja kwenye hafla ya kumuaga na lori letu, na hawatakubali kukaguliwa.

Afande, umetulindia mali kwa miaka mingi, na tunakushukuru kwa hilo. Lakini katika utumishi wako wote, mtu pekee uliyemkamata na ushahidi kamili ni wewe mwenyewe, ukamfikisha mbele ya wakubwa, nasi tukamwadhibu. Vijiji vizima vinauza samaki leo kwa sababu hukumwachia. Pumzika vyema, na Mungu akuzidishie afya na miaka mirefu ya furaha nyumbani.

Dorah Prosper
Idara ya Utumishi