Barua ya Onyo ya Mzee Asukile

Chimala, Jumatatu, 18 Mei 2026. Naahidi kueleza yote, hata yale yanayonihusu mimi.

Baada ya miaka thelathini na minne, Mzee Asukile Mwakalobo, msimamizi wa chumba cha kompyuta cha shule yetu, anastaafu Ijumaa, tarehe 29. Alianza mwaka 1992 akiwa mpigachapa wa mitihani. Kompyuta zilipoletwa alijifunza mwenyewe, kisha akatufundisha sisi. Hakuruhusu mtu aguse kitu kabla ya kusoma kwa sauti maandishi mekundu ya hitilafu. Tukisita alisema, "Soma, mjukuu wangu. Hayang'ati hayo."

Mwaka huu aliiunganisha programu ya akili mnemba na kivinjari. Awali ilituandikia msimbo bila kuona matokeo, nasi tukiinakilia makosa kwa mkono. Sasa iliona ukurasa wenyewe, ikabonyeza vitufe na kusoma hitilafu. Ndivyo alivyoufufua ukurasa wa matokeo ya mitihani kwenye tovuti ya shule, uliotushinda mwaka mzima. Sharti lake lilikuwa moja: iunganishwe na kivinjari kitupu, kisicho na akaunti ya shule.

Mwishoni mwa Aprili nilikuwa na haraka. Niliiunganisha na kivinjari cha ofisini, akaunti ikiwa wazi, ichunguze ukurasa wa kuwaarifu wazazi. Iliomba ruhusa ya kubonyeza "Tuma". Nikaruhusu bila kusoma. Wazazi 412 wakapokea ujumbe: mwanao hayupo shuleni. Baba yangu aliacha mpunga alioanika uwanjani kule Ubaruku akaja na bodaboda, miguu mitupu. Aliponiona alikaa chini pale getini akalia.

Kwenye kikao cha walimu Mkuu wa Shule aliuliza, "Mzee, umri huu bado unachezea mitambo?" Nilikuwa mlangoni, nimenyamaza. Mzee akajibu, "Chumba ni changu, Mkuu. Andika jina langu." Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake wote. Walimu wakawa wanamsalimia, "Mzee, leo upo shuleni?" hadi akaacha kunywa chai nao.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea afya na utulivu nyumbani Tukuyu.

Mkuu wa Shule, aliyeruhusu ni mimi, Damari Budeba wa Kidato cha Tatu. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa hiyo: je, barua ile itatolewa kwenye faili lake?