Lyle Dettmann na Tepu Iliyobaki Kwenye Bampa

Mchungaji, wifi yangu Marlys, Karin binti wa kaka yangu, majirani wa Plymouth, na ninyi wanachama wa klabu ya magari mliojaza viti vya nyuma, mimi ni Nadine, mdogo wake marehemu, wa pekee, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi mliyoshika mkononi ina kosa, na nikifika pale nitasimama.

Lyle Henry Dettmann alizaliwa tarehe 9 Februari 1955, hapa hapa Plymouth, Wisconsin, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Harold, mtengenezaji wa jibini, na marehemu Irma, katika wiki ambayo theluji ilifika madirishani na daktari akaletwa kwa trekta la jirani. Mimi nilizaliwa miaka mitano baadaye, na tangu nilipoweza kutembea nilimfuata kama mkia, asubuhi ananifukuza, jioni ananitafuta.

Alimaliza sekondari mwezi Juni 1973, hakuwa mtu wa vitabu wala hakujifanya, akaenda Sheboygan kujifunza ufundi wa bati kwa miaka minne, akahitimu mwaka 1977, na kuanzia hapo hadi alipostaafu Machi 2017 alifunga njia za bati zinazopeleka hewa ya moto vyumbani, kwa hiyo wengi wenu mkirudi nyumbani leo na baridi hii, mkakuta vyumba vina joto, hiyo ni kazi ya mikono yake.

Tarehe 20 Juni 1981, ndani ya kanisa hili, alifunga ndoa na Marlys Wiegand, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Karin, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1984, ambaye baba yake alimpenda hadi akamfundisha kuendesha gari akiwa na miaka kumi na mbili, nyuma ya kiwanda cha jibini, jambo ambalo Marlys ndiyo kwanza analisikia leo, pole wifi.

Mwaka 1986 alinunua lile gari la kijani la viti viwili, akajiunga na klabu, na haukupita msimu akajua lile ambalo wengi wenu mlilijua kwa kutetemeka, kwamba breki zinazotosha kukufikisha kanisani hazitoshi dakika ishirini za uwanja wa mbio, diski zinakuwa nyekundu, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Basi Lyle, mtu wa bati, alitoboa bampa pande mbili, akaunda midomo miwili, akaiunganisha na mabomba yanayohimili moto, akayapitisha nyuma ya magurudumu hadi katikati ya diski, ili gari likikimbia lijipulizie breki zake lenyewe. Vern Stoltz, mwenyekiti wetu wa sasa, alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Dettmann, wewe umefunga hita kinyumenyume!" lakini mwezi uliofuata alikuwa gerejini kwa Lyle na katoni ya bia, akiomba afungiwe zake. Mwaka 1990 Lyle akafanywa mwalimu wa madereva wapya, jina lake likaandikwa kwenye ubao wa klabu, na sijawahi kumwona mtu akiipenda kazi isiyo na mshahara kama alivyoipenda ile.

Njia ya kwenda uwanjani ina kokoto na matope, kwa hiyo tulipotoka nyumbani aliiziba midomo ile kwa tepu, na kazi yangu mimi, tukifika tu, kabla ya kahawa, kabla ya salamu, ilikuwa kuibandua. Kisha yeye akiwa ndani, kofia ngumu kichwani, alinipigia kelele dirishani, "Tepu?" nami najibu, "Imetoka!" na miaka kumi na sita hakuwahi kuwasha gari kabla hajasikia jibu hilo.

Karatasi yenu inasema kwamba tarehe 18 Mei 2003 Lyle alisahau kutoa tepu, breki zikamwishia, akapata ajali. Hapa ndipo nasimama.

Lyle hakusahau. Aliniuliza kama kawaida, nami nilikuwa nimeinamia jiko la soseji, nabishana na Vern juu ya haradali, nikajibu bila kugeuka, "Imetoka!" na haikuwa imetoka. Mzunguko wa sita pedali ilizama, akaingia kwenye ukuta wa matairi, nyonga ikavunjika sehemu tatu, na ule mguu aliouburuta mbele yenu kwa miaka ishirini, niliuvunja mimi.

Hospitalini nilikwenda kumwambia nitatubu mbele ya klabu nzima, akanishika mkono akasema, "Nyamaza, Nadine. Wiki ijayo wanakupigia kura uwe mkaguzi wa magari. Wakilijua hili hawatakuacha uguse hata tairi." Nikamwambia, "Lyle, siwezi." Akasema, "Utaweza. Mguu wangu umeshavunjika, jina lako nalo livunjike la nini?"

Nikanyamaza, na Mungu anisamehe, nilinyamaza kwa furaha. Klabu ikamvua ualimu, maana anayesahau tepu yake mwenyewe atamfundisha nani, jina lake likafutwa ubaoni, na kila Desemba, hadi ugonjwa ulipomzuia kuja, kwenye chakula cha klabu, mlimzawadia roli ya tepu iliyopakwa rangi ya dhahabu, mkapiga kelele, "Haya Dettmann, usisahau!" naye anasimama na fimbo yake, anacheka kuwashinda nyote, halafu anakwenda kuipanga kwenye rafu ya gereji. Mimi huku, mkaguzi mkali, nawarudisha watu makwao kwa nati moja iliyolegea, mnanisifia umakini, miaka ishirini. Umakini gani?

Mwezi Oktoba 2019 Lyle alianza kukohoa, madaktari wa Milwaukee wakakuta mapafu yanakauka, na kuanzia mwaka 2022 aliishi kwa mashine ya oksijeni, bomba refu kutoka puani hadi chumba cha pili, ambalo alilikagua viungio vyote akamwambia muuguzi kuwa aliyelifunga haijui hewa. Jumapili, tarehe 4 Februari, nilimwambia kwamba siku ikifika nitayasema haya, akauliza, "Wakikucheka je?" nikajibu, "Wacheke," akaitafuta pumzi, kisha akasema, "Basi usome polepole, Vern hasikii vizuri." Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, Marlys akiwa amemshika mkono, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekubali kufundishwa kufunga bomba, majirani mliokwangua theluji mlangoni kwake bila kuombwa, mafundi bati wenzake mliobeba jeneza, na akina mama mlioandaa mikate ya nyama tutakayokula kwenye ukumbi wa chini baada ya ibada. Wanaklabu pia nawashukuru, mlimpenda, ila mlimcheka kwa kosa la mtu mwingine. Roli kumi na sita za dhahabu ziko kwenye kapu hili hapa, ni zangu, nitakwenda nazo nyumbani. Vern, nimesoma polepole, umesikia, rudisha jina la kaka yangu ubaoni.

Lyle, kaka yangu, jana asubuhi niliingia gerejini, nikapiga magoti mbele ya gari lako, nikaikuta tepu uliyoibandika mwenyewe vuli iliyopita ili panya wa baridi wasiingie, nikaibandua kwa kucha, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikatia vidole ndani ya midomo yote miwili nihakikishe. Imetoka, Lyle. Safari hii nimeangalia. Pumzika.