Maiti Asilazimishwe

Mpaka leo sijajua Eskil Brodd alikuwa wa dini gani. Jumapili asubuhi aliimba na Waswidi wenzake, Walutheri waliokuwapo hapa mtoni kabla mfalme wa Uingereza hajamgawia mtu mmoja, Mwenye Koloni wetu, nchi nzima. Mchana alikaa na Marafiki, dhehebu la wanaosali kimya na wasiomvulia mtu yeyote kofia. Jioni alipiga magoti sebuleni kwangu, na sisi wachache wa Kanisa la Uingereza. Kisha akafa, kiangazi kile kile Mwenye Koloni alipopanda meli kurudi London, na joto lilikuwa la kuozesha samaki kabla hajatoka majini. Tulikuwa tumeketi nje ya mlango wake, kwenye benchi aliloliunda mwenyewe, tukinywa bia ya molasi iliyopikwa na mkewe, Brita. Marehemu alikuwa ndani tangu jana.

— Mchukueni basi, si Mswidi wenu? — alisema Jeremia Wickham, Rafiki tuliyemwita Kofia.

Lasse, Mswidi, akadakia. Huyu tulimwita Kabla Yenu, maana maneno yake yote yalianzia hapo.

— Sisi tulikuwa hapa kabla yenu, tukizika watu wetu bila matata. Ninyi ndio mmekuja na sheria, eti mtu asilazimishwe ibada asiyoitaka. Sasa nimzike Kilutheri, kumbe moyoni alikuwa wenu? Si nitakuwa nimemlazimisha?

— Sheria inasema mtu, — nikasema. — Huyu ni maiti.

— Rafiki, maiti ni mtu aliyenyamaza tu, — Kofia akanijibu.

— Basi ni wenu huyo! — Kabla Yenu akapiga goti lake. — Tangu jana hajasema neno. Hakuna mtu wenu aliyewahi kusali vizuri hivyo.

— Acha kunichekesha, tuna msiba. Ukimya wetu ni wa hiari. Wake, nani anajua?

— Basi tumgawane, — nikasema. — Magoti yaje kwetu, ndiyo aliyoyatumia. Koo wachukue Waswidi.

— Na sisi? — Kofia akauliza.

— Ninyi chukueni kofia.

— Aulizwe Mwenye Koloni, — Kabla Yenu akasema. — Nchi yake, maiti wake.

— Yuko baharini, bwana. Jibu litafika mwakani.

— Basi tumtie chumvi. Mapipa si yapo? Samaki huvumilia mpaka mwakani.

Hapo akaja mwanamke na jagi lake kutafuta bia. Aliitwa Gwenllian, Mwelshi aliyeshuka melini juzi, bado akilala kwenye mapango ya ukingoni na wageni wengine. Alitusikiliza akiwa amesimama.

— Samahani, baba zangu. Mkewe anasemaje?

Kofia akashusha kikombe chake.

— Mkewe? — akasema.

— Si ana mke? Hiyo bia kapika nani?

Tukatazamana. Tangu asubuhi Brita alikuwa akipita mbele yetu, macho mekundu, akitujazia vikombe. Hatukuwa tumemuuliza hata kama amekula.

Mlango ukafunguka. Brita alishika jagi tupu mkono mmoja, nyundo ya mumewe mkono wa pili.

— Bia imeisha. Na sanduku la kumzikia halina kifuniko, mbao zimenipungukia. Inukeni.

— Mama Brita, — Kabla Yenu akaanza, — hili suala la dini yake...

— Hata mimi hakuniambia, Lasse. Nimelala naye miaka yote hiyo, hakuniambia. Lakini ananuka, na alikuwa mtu msafi. Inukeni!

Tukainuka.

Akasema azikwe nyuma ya nyumba, jua halijazama, na kila mtu afanye ya kwao bila kumsumbua mwenzake. Ikawa hivyo. Kofia na mimi tulichimba. Kabla Yenu alivunja miguu ya benchi, Gwenllian akaushikilia ubao wake juu ya sanduku uwe kifuniko, ubao uliong'aa kwa makalio yetu. Kaburini Lasse aliimba, mimi nikapiga magoti, Kofia akanyamaza na kofia yake kichwani. Lakini misumari aliigongomea Brita mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na hakukubali mtu amshikie nyundo.