Suruali Iliyomshusha Meneja

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mhudumu wa ambulensi alikuwa amevaa sare mpya ya bluu iliyokoza, ametulia kama bibi harusi. Mama aliyekaa ubavuni pake, nesi mstaafu kwa maelezo yake mwenyewe, alimkagua kuanzia kola hadi buti. "Mwanangu, enzi zetu tulivaa nyeupe. Mgonjwa akikuona tu, anajua msaada umefika."

"Hata meneja wetu alitaka nyeupe, mama. Tukamwambia sawa, ila kwanza alale kwenye machela, tumshushe ngazi kutoka ghorofa ya tatu tukiwa tumevaa hizo alizochagua."

Meneja, nilivyoelewa, hakuwa mtu mwembamba.

"Hatujafika hata ya pili, suruali ya mwenzangu ikapasuka nyuma. Tukavaa hizi, tukampandisha tena, tukamshusha mpaka chini. Hakuna uzi uliokatika. Alizikubali akiwa bado amefungwa mikanda."

"Hizo nyeupe zilishonwa vibaya," nesi akasema. "Msiisingizie rangi."

Hapo, kusema kweli, alikuwa na hoja.

Basi lilifunga breki, vitunguu vya nesi vikamwagika kutoka kikapuni, vikatawanyika chini ya viti. Mhudumu akapiga magoti, akavikusanya vyote, akainuka. Nesi akamgeuza kama mwanafunzi mstarini, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, akatafuta kasoro, akakosa.

"Imara," akakubali kwa shingo upande.

Mhudumu akashuka kituoni, kifua mbele. Nesi akafungua dirisha.

"Ila zijazo, nyeupe."